Mfalme Albert na Hifadhi Iliyotawaliwa Kutoka Brussels

Mhariri aliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri wa zamani, nadhani alitarajia nimlete Mwalimu au Lumumba, kama kawaida yetu. Safari hii nawaletea Mzungu, tena mfalme. Msinune kwanza. Someni mpaka mwisho ndipo mnihukumu.

Ukishuka Gare Centrale hapa Brussels ukateremka kidogo kuelekea Maktaba ya Kifalme, utamkuta juu ya farasi wa shaba, amenyamaza, anatazamana na sanamu ya mkewe ng'ambo ya barabara. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nampita pale nikimpa jicho baya, maana nilikuwa na hakika kabisa kwamba ndiye Leopold II, yule wa mpira na mikono iliyokatwa. Siku moja nilikuwa na mwenzangu mmoja, mtu wa Rutshuru, nikamtolea sanamu maneno yangu. Jamaa akacheka mpaka akashika tumbo. Akanieleza kwamba Leopold yuko kule juu Place du Trône, na yeye pia kapandishwa farasi. Huyu wa chini ni Albert wa Kwanza, mtoto wa mdogo wake Leopold. Halafu akaacha kucheka. Akasema kwao wazee wanalijua jina hilo pengine kuliko Wabelgiji wenyewe, kwa sababu msitu ulio nyuma ya mashamba yao bado wanauita Albert, ingawa serikali ilibadilisha jina mwaka 1969 ukawa Virunga.

Hapo ndipo nilipoanza kumsoma. Mimi nasomea sheria ya mazingira, na huko darasani kila wiki ni mikataba: Kyoto 1997, Paris 2015, na swali ni lile lile, mikataba hii itiwe nguvu vipi. Tunaongea kana kwamba dunia ilianza Stockholm mwaka 1972. Kumbe mikataba ya kimataifa juu ya wanyama na misitu ya bara letu ni mikongwe kuliko babu zetu wengi, na mlango mmoja wa historia hiyo unapita kwa bwana huyu wa farasi.

Albert alizaliwa hapa hapa Brussels tarehe 8 Aprili 1875. Hakuna aliyemtazamia kuwa mfalme. Mtoto pekee wa kiume wa Leopold II alikuwa amekufa mwaka 1869 akiwa mdogo, na baada ya hapo macho yote yalikuwa kwa Baudouin, kaka yake Albert. Januari 1891 Baudouin naye akafariki, kijana wa miaka 21. Basi Albert, mvulana wa miaka 15, mrefu, mwenye haya na macho yasiyoona mbali, akajikuta ndiye anayeandaliwa. Inasemekana alikuwa msomaji sana wa vitabu. Alipenda mashine, na zaidi ya yote alipenda kukwea miamba. Mwaka 1900 alimwoa Elisabeth wa Bavaria, binti wa duke aliyekuwa pia daktari wa macho. Walipata watoto watatu.

Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo iwe koloni la nchi ya Ubelgiji badala ya kuwa mali yake binafsi. Mwaka uliofuata Albert, akiwa bado mrithi tu, akafunga safari kwenda kuiona. Aliingia kwa kusini, kupitia Katanga, akakaa huko miezi kadhaa, akitembea na kuandika katika daftari zake. Aliyoyaona hayakumpendeza. Alirudi akitaka mabadiliko katika namna watu wanavyotendewa. Desemba 1909 Leopold akafa na Albert akala kiapo. Sasa hapa tusijidanganye: koloni likabaki koloni. Kazi za kulazimishwa hazikuisha siku ile. Lakini hakuwa mtu wa namna moja na yule baba yake mkubwa, na nadhani haki inatutaka tuseme hivyo.

Wabelgiji wanamkumbuka zaidi kwa vita. Agosti 1914 Ujerumani ilitaka kupitisha jeshi lake katika nchi yake, akakataa, nchi ikavamiwa. Alibaki miaka minne kwenye kipande kidogo cha ardhi nyuma ya mto Yser, pamoja na askari wake, wakati karibu nchi nzima iko mikononi mwa adui. Vitabu vya hapa vimejaa habari hizo, sitazirudia.

Nitakalosema ni la kwetu. Mimi ni mtu wa Kigoma, na vita hiyo ya Albert ilifika mpaka kwenye ziwa letu. Majeshi ya Kongo chini ya Tombeur yaliteka Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, na tarehe 19 Septemba yakaingia Tabora. Nyuma yao kulikuwa na msururu wa wapagazi ambao wengi hawakurudi makwao. Baada ya vita Waingereza wakachukua Tanganyika, Wabelgiji wakapewa Ruanda-Urundi, na mwaka 1921 wakaandikiana mkataba: Ubelgiji ipate eneo lake bandarini Kigoma na jingine Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Ndiyo Belbase, wazee wa Kigoma bado wanalikumbuka jina. Niliposoma mkataba ule kwa mara ya kwanza nilishangaa jinsi ulivyokamilika. Mipaka ipo, kodi ipo, forodha ipo, nani apitishe nini kwa masharti gani, vyote vipo. Shikeni hilo, nitalirudia.

Mwaka 1919, vita imekwisha, Albert na Elisabeth walialikwa Marekani. Katika ziara hiyo alipelekwa kuona milima na hifadhi za taifa za huko. Jambo hilo lilikuwa geni kwa mtu wa Ulaya: serikali inatenga nchi kubwa, inasema hapa hapalimwi, hapakatwi mti, hapawindwi, na inaandika iwe sheria. Alikutana pia na wanasayansi wa Marekani waliokuwa wakipigania mambo hayo. Kwa mtu aliyependa milima kama yeye, mbegu ilikuwa imeshaangukia penye rutuba.

Aliyeimwagilia maji ni Mmarekani mwingine, Carl Akeley. Kazi yake ilikuwa kuwinda wanyama na kuwakausha kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Mwaka 1921 alipanda mlima Mikeno, kwenye mpaka wa Kongo na Ruanda, akapiga gorila kadhaa wa milimani. Wako New York mpaka leo nyuma ya kioo. Lakini alipowaua alishikwa na majuto. Aliporudi akaanza kuwasumbua wakubwa wa Ubelgiji, kupitia ubalozi wao wa Washington, kwamba wanyama hawa wakiachwa hivi hivi wataisha. Albert akasikia. Tarehe 21 Aprili 1925 akatia saini amri ya kuanzisha hifadhi ya taifa kuizunguka Mikeno, Karisimbi na Visoke, ikapewa jina lake mwenyewe. Ilikuwa hifadhi ya taifa ya kwanza Afrika. Akeley alirudi mwaka uliofuata, akaugua njiani, akafia kule kule juu Novemba 1926. Alizikwa Kabara, ubavuni mwa Mikeno.

Mpaka hapo hadithi ni tamu. Mwenzangu wa Rutshuru hupenda kunikatiza hapa.

Julai 1929 ilitoka amri ya pili. Hifadhi ikapanuliwa mno, na ikawekwa chini ya taasisi maalumu yenye makao hapa Brussels. Ndani ya kamati yake waliwekwa pia wanasayansi wa nchi nyingine. Miaka ya 1930 mipaka ikazidi kusogea, ikalipita ziwa Edward, ikafika kwenye theluji ya Ruwenzori. Mwaka 1934 ikaundwa taasisi ya hifadhi zote za Kongo, nayo pia makao yake Brussels, mkuu wake Victor Van Straelen, aliyekuwa akiongoza jumba la makumbusho ya viumbe, lile lililo karibu na Bunge la Ulaya, ambalo wengi wetu tumelipita tukiwahi basi bila kugeuza shingo. Sehemu kubwa ya hifadhi ilifungwa kabisa kwa watu, isipokuwa watafiti wenye kibali. Kibali cha kuingia msitu wa Kivu kikawa kinatoka umbali wa maelfu ya kilomita.

Na watu je? Maana ule msitu na zile mbuga za ziwa Edward hazikuwa tupu. Wakulima na wafugaji walihamishwa. Wengine waliambiwa sababu ni ugonjwa wa malale, na kweli malale yalikuwepo, lakini malale yalipopungua mpaka haukurudi nyuma. Kuna waliolipwa fidia na kuna ambao hawakulipwa, na ubishi wa mashamba yale haujaisha mpaka leo. Baadhi ya Batwa walivumiliwa kubaki ndani kwa hoja kwamba maisha yao ni sehemu ya mandhari ya asili, kana kwamba nao ni jamii ya nyani. Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikaenda kunywa kahawa.

Bibi yake mwenzangu hasemi kwamba aliishi karibu na hifadhi. Anasema hifadhi ndiyo iliyokuja kuishi karibu naye. Shamba la baba yake lilikuwa upande ambao sasa hauruhusiwi hata kuokota kuni. Wakati huo huo mjomba wa huyu huyu jamaa yangu ni mlinzi wa hifadhi, amevaa sare miaka mingi, na amezika wenzake. Zaidi ya walinzi 200 wa Virunga wameuawa kazini. Kwa hiyo kwenye nyumba moja wapo wawili, mmoja analilia ardhi iliyotwaliwa na mwingine anahatarisha roho yake kuilinda, na sikukuu wanakula sahani moja. Mimi siwezi kusema yupi kati yao amekosea.

Sasa turudi kwa Albert na mkataba. Kulikuwa na jaribio la kwanza la mkataba wa wanyama wa Afrika, uliotiwa saini London Mei 1900. Walikuwepo Waingereza, Wajerumani, Wafaransa, Wareno, Wahispania, Waitaliano, na ile dola ya Leopold. Mkataba ule ulitaka baadhi ya wanyama walindwe, lakini simba, chui na fisi wapunguzwe kwa kuwa ni waharibifu, na mayai ya mamba yavunjwe popote yanapoonekana. Haukuwahi kuanza kutumika, kwa sababu si wote waliouridhia. Saini zikabaki kwenye makaratasi.

Walipokutana tena London mwishoni mwa Oktoba 1933, mambo yalikuwa yamebadilika, na mfano wa kuonyesha ulikuwepo: hifadhi ya Albert. Tarehe 8 Novemba ukatiwa saini mkataba mpya wa kuhifadhi wanyama na mimea katika hali yake ya asili. Waliosaini ni Ubelgiji, Uingereza, Ufaransa, Italia, Ureno, Hispania, Afrika Kusini, Misri na Sudan, hiyo ya mwisho ikiwa chini ya Waingereza. Mwezi huo huo mwana wa mfalme, Leopold, alihutubia London juu ya hifadhi za Kongo. Mkataba ulieleza hifadhi ya taifa ni nini: iwe chini ya mamlaka ya umma, mipaka yake isiguswe ila kwa sheria, uwindaji uwe marufuku. Ukaweka orodha ya viumbe wa kulindwa kabisa, gorila wakiwemo, na okapi, na kifaru mweupe. Ukaanza kutumika Januari 1936.

Msione kwamba hayo ni ya Kongo tu. Hifadhi ya Nairobi ya 1946, Tsavo ya 1948, Serengeti ya 1951, zile mbili za Uganda za 1952, zote zilizaliwa katika fikra hiyo hiyo na chini ya mkataba huo. Wamasai waliotolewa Serengeti mwaka 1959 hawakuwahi kusikia habari za kikao cha London, lakini kikao cha London kilikuwa kimewafikia.

Ubovu wake ulikuwa wapi? Katika semina nilipewa dakika kumi nieleze, nikatumia ishirini, mwalimu akanivumilia. La kwanza, mkataba haukuwa na ofisi. Hakuna sekretarieti, hakuna aliyepewa kazi ya kuuliza kila mwaka nani ametimiza na nani hajatimiza. Linganisheni na ule wa faranga moja wa Kigoma! Serikali zinajua sana kuandika mkataba wenye meno pale ambapo kuna shehena ya kupita. La pili, ukiiweka kando Misri, hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja mezani aliyezungumza kwa niaba ya nchi yake. Mkataba juu ya Afrika uliandikwa na wenye makoloni, kwa hiyo anayeishi karibu na tembo akaingia humo kama tatizo tu.

Mwenzangu mmoja wa Kihispania aliniuliza kama hilo la pili si la siasa zaidi kuliko la sheria. Nikamjibu kwa mfano. Nchi zetu zilipojitawala ziliandika mkataba wao, Algiers, Septemba 1968, kuchukua nafasi ya ule wa London. Meza ilikuwa yetu safari hii. Lakini ofisi hawakuweka! Ukalala kama ule uliotangulia. Ule wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, wa Washington mwaka 1973, uliwekewa sekretarieti, mikutano ya mara kwa mara, na uwezo wa kuisimamishia nchi biashara, na ndiyo maana forodha wanauogopa. Algiers ukaja kurekebishwa Maputo mwaka 2003, sekretarieti ikaongezwa, lakini ulikaa miaka 13 ukisubiri nchi za kutosha kuuridhia, mpaka 2016. Wakati Paris, wa 2015, haukumaliza hata mwaka kuanza kutumika, halafu Marekani ikatoka 2020, ikarudi 2021, ikatangaza kutoka tena Januari 2025. Kwa hiyo unahitaji vyote viwili, ofisi ya kufuatilia na watu wenye sababu ya kubaki ndani. Kimoja bila kingine ni mlango bila bawaba.

Albert hakuuona mkataba ukianza kutumika. Tarehe 17 Februari 1934, Jumamosi, aliondoka Brussels akaenda kukwea miamba ya Marche-les-Dames, juu ya mto Meuse, karibu na Namur. Alipanda peke yake, akimwacha mtumishi wake akisubiri. Hakurudi. Walimtafuta usiku kwa taa, wakamkuta ameanguka, kichwa kimepasuka. Alikuwa na miaka 58. Maneno yalikuwa mengi: aliuawa, alisukumwa, maiti ilihamishwa. Mwaka 2016 watafiti wa Leuven walipima majani yaliyookotwa pale siku ile yakiwa na damu, wakakuta kweli ni damu yake. Alikufa pale pale, kwa mchezo alioupenda. Alizikwa Laeken na mwanawe akatawazwa kuwa Leopold III.

Na gorila? Mwaka 1981 walihesabiwa 254 katika milima ya Virunga, pande zote tatu za mpaka. Hesabu ya 2015 na 2016 ikapata 604. Ukijumlisha na wale wa Bwindi, Uganda, wamevuka 1,000. Hiyo si kazi ya Albert peke yake wala ya mkataba wa London, ni ya walinzi kama mjomba wa mwenzangu na ya miaka mingi ya Wanyarwanda, Waganda na Wakongo kufanya kazi pamoja hata pale serikali zao zilipokuwa hazisalimiani. Lakini amri ya 1925 isingekuwepo, sidhani kama kungekuwa na cha kuhesabu. Huwa namwambia jamaa yangu hivyo, naye hukubali, kisha huniuliza ni nani aliyehesabu mashamba.

Mwaka 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu vya mafuta, vingine vikiwa ndani ya Virunga yenyewe, ikaufuta Oktoba 2024. Mwishoni mwa Oktoba 2022 waasi wa M23 waliingia Rutshuru, na Januari 2025 wakaingia Goma. Kuna wiki simu ya bibi haikupatikana kabisa. Ilipopatikana, alichouliza kwanza ni kama huku tunakula vizuri. Mjukuu wake alimweleza kwamba nimeandika habari za Albert kwa ajili ya jarida. Bibi akataka kujua kama nimeandika pia jina la kijiji chao. Sikuliandika, kwa usalama wao, na nimemtumia salamu za kuomba radhi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao mimi na mwenzangu tunakwenda Marche-les-Dames, pale penye msalaba walipomkuta. Treni unabadilisha Namur, kituo kinaitwa jina hilo hilo. Anayetaka kufuatana nasi anitafute kwenye mkutano wa chama, na aje na viatu vya kutembelea, maana kuna matope.